Nguzo za Mabua

Lecce, 9 Septemba 1912

Mwanangu Pantaleo,

Pokea salamu za nyumba nzima, hata za punda wa jirani. Mimi ni mzima. Goti ndilo linalolalamika, lakini hilo lilianza kulalamika kabla wewe hujazaliwa. Na wewe je? Unakula? Nasikia huko Torino wanapika kwa siagi, na siagi haijengi mtu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe polepole, kisha nikaisoma tena kwa sauti pale mlangoni ili mtaa wote upate faida. Nguzo ishirini na nne! Hekalu la sinema, refu kuliko kanisa letu! Jirani Consiglia alikuwa mlangoni kwake anachambua maharage, akasema, "Hekalu la uongo hilo, mama Pantaleo. Nyuma yake ni mbao tupu." Nikamwambia, "Na huo uso wako, mbele yake kuna nini?" Mwanawe ni karani wa posta, ndiyo maana anavimba.

Sasa unasema mkuu wa picha anagomba. Nguzo za plasta ni nzito, watu kumi hawazisogezi, sinema inachelewa, na ukishindwa ataleta fundi Mfaransa. Mfaransa! Umesahau wewe ni mtoto wa nani? Marehemu baba yako alitengeneza watakatifu sitini na mmoja kwa karatasi na uji wa unga, na yule mkubwa kuliko wote hubebwa na wazee wanne, tena wakiwa wamekunywa. Kwa nini? Mabua! Ndani mabua ya ngano yaliyofungwa sawasawa, nje karatasi. Zifanye nguzo zako vivyo hivyo, upake plasta nyembamba juu. Nani atajua?

Nimekutumia tini kavu, na lozi.

Mama yako,
Oronza

Torino, 2 Oktoba 1912

Mama yangu mpenzi,

Nabusu mkono wako, na goti pia, lipunguze kelele. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inaingia hata kwenye supu.

Nguzo zimesimama, mama. Watu wawili wanabeba moja begani huku wakipiga soga. Mkuu wa picha aliinyanyua moja peke yake akacheka kama mtoto, akaniita "bwana msanifu" mbele ya maseremala wote. Mfaransa hatajwi tena. Sema asante kwa baba ukienda makaburini.

Kuna jambo moja. Mwisho wa picha, maadui wanauchoma mji. Tulipanga moshi tu na unga wa rangi, sasa yeye anataka moto wa kweli uziguse nguzo mbili za mbele wakati watu wanakimbia. Ameniuliza, "Zitavumilia?" Sijamjibu. Wewe umeiona kazi ya baba miaka mingi kuliko mimi. Unaonaje, nimjibu nini?

Mwanao,
Pantaleo

Lecce, 20 Oktoba 1912

Bwana msanifu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na soksi za sufu miguuni, kama hunazo niambie. Hapa sote tu wazima, tumemaliza kukamua zabibu.

Barua yako nimeisomea kwa kinyozi, kwa mwoka mikate, na mlangoni mara tatu. Padri akaniambia, "Mama Pantaleo, kiburi ni dhambi." Nikamjibu, "Baba, kiburi ni cha mtu asiye na sababu." Mimi ninayo. Hekalu la Torino limesimama kwa maneno yangu!

Ati moto? Unaniuliza mimi habari ya moto? Kila siku aliyoumba Mungu baba yako alipitisha chuma chekundu juu ya mashavu ya watakatifu ili karatasi ilainike, na sijaona shavu hata moja likiwaka. Uji wetu wa unga haushiki moto. Mjibu kwamba zitavumilia. Mjibu kwa kifua mbele, kama mtoto wa fundi.

Mama yako,
Oronza

Torino, 3 Februari 1913

Mama mpendwa,

Nakuamkia. Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Niko hai, na ninapata chakula. Kazi zilinizidi.

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Mimi nasema, bibi mwenye nyumba wangu anaandika. Asante kwa kifurushi cha Noeli. Ila usitume tena lozi zenye maganda.

Mwanao,
Pantaleo

Lecce, 15 Februari 1913

Mwanangu,

Salamu, na masikio nitakuvuta tukionana! Kimya chote hicho! Nimewasha mishumaa mpaka mtakatifu Antoni amekuwa mweusi kwa masizi. Consiglia alikuwa akinipita na kusema, "Torino imemmeza, mama Pantaleo. Wakipanda huko kaskazini hawashuki."

Basi barua ilipofika nilimwita. Nikamwonyesha mwandiko. "Tazama, Consiglia. Wewe mwanao ni karani. Wangu ana karani." Alibeba maharage yake akaingia ndani, mwanangu. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile.

Na lozi zenye maganda hutaki! Umekuwa bwana mkubwa, unataka zilizokwisha kupasuliwa. Haya, nitakupasulia mwenyewe. Lakini andika neno moja kwa mkono wako, hata jina tu. Mwandiko wa karani ni mzuri, ila haunuki wewe.

Mama yako,
Oronza

Lecce, 6 Aprili 1913

Pantaleo, nuru ya macho yangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo, maana usingizi sipati kwa furaha.

Picha yako imefika! Nimewapeleka watu kumi na tisa kwenye ukumbi, kinyozi na mkewe, mwoka mikate, padri kofia usoni, na Consiglia niliyemkalisha kando yangu. Jina lako halikuandikwa popote kwenye kile kitambaa cha picha, lakini usijali, nililisema mimi kwa sauti. Nguzo zilipotokea nikasimama: "Hizo! Ndani yake ni mabua, mimi ndiye niliyemwambia!" Watu wa nyuma wakapiga kelele nikae.

Na ule moto! Watu walishika mioyo yao. Kwanza haukufanya kitu, kisha nguzo ikawaka kwa ndani mpaka juu, kama tanuri. Kuna mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa, anageuka kututazama huku amefungua mdomo. Consiglia alinishika mkono akasema, "Huyu anaigiza kweli." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma.

Ila kuna kitu hakiniachi. Moto ukimfikia yule mwanamke, anatokea mtu, koti limefunika kichwa, anauingia moto kwa mikono miwili, na picha inakatika hapo. Anatembea kama wewe. Nimejiambia, hapana, msanifu hachezi.

Nijibu upesi.

Mama yako

Torino, 14 Aprili 1913

Mama,

Keti kwanza. Barua hii usiisome mlangoni.

Aliyegeuka ni Delfina Barale, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, aliyekuja kukimbia mbele ya kamera siku moja tu. Hakuwa anaigiza. Dada yake Ernesta alikuwa nyuma ya nguzo, hukumwona. Wamekufa wote wawili, mwezi Novemba, wiki moja baada ya mimi kumjibu mkuu kwamba zitavumilia.

Baba hakukosea. Karatasi haikuwaka. Ila chuma cha baba kilipita juu tu na kuondoka. Huu moto ulikaa. Plasta ikapasuka, ukapata njia, na mabua yakavuta hewa kama dohani. Turubai la juu likawashukia. Mpiga picha hakuacha kuzungusha mkono wa kamera, na walipoiona picha walisema ni nzuri mno kutupwa.

Ndiyo, mwenye koti ni mimi. Mkono wa kulia hauna kidole hata kimoja. Wa kushoto vimebaki viwili, havishiki. Ndiyo maana ya karani, mama. Ndiyo maana ya lozi.

Tarehe 12 Mei nasimama mbele ya hakimu. Kiwanda cha picha kinasema kosa ni la msanifu, wao hawakujua kilichokuwa ndani. Nimeulizwa nani alishauri mabua, nani alisema yatavumilia. Nimesema ni mimi. Mikono yangu imekwisha kuungua, kesi haitaiunguza zaidi. Barua zako bibi mwenye nyumba amenichomea zote. Nawe ukiulizwa, hujui kitu.

Mwanao

Lecce, 21 Aprili 1913

Mwanangu Pantaleo,

Salamu sizijui leo. Nilipiga makofi. Consiglia ananishika mkono, yule msichana anatutazama, na mimi napiga makofi.

Nilikaa siku mbili nimefunga mlango. Siku ya tatu nilianzia kwa kinyozi. Nikamwambia, ni mimi. Nikaenda kwa mwoka mikate, ni mimi. Nikaenda mahakamani, karani akanitazama chini mpaka juu akasema, "Mama, mji mzima unakujua. Hata hili unataka liwe lako?" Padri akanipigia ishara ya msalaba akaniambia huzuni imenipanda kichwani. Miaka yote nimesema makubwa wakaniamini nusu. Sasa nasema kweli, hawaniamini hata chembe.

Nikarudi mlangoni nikamsomea Consiglia barua yako, ingawa ulinikataza. Aliacha maharage. Akasema, "Mama Pantaleo, kwa mara ya kwanza naomba Mungu uwe unadanganya." Nikamwambia sidanganyi. Akafuta mikono, akasema, "Barua ya Oktoba je? Ile uliyotupigia kelele mara tatu?"

Barua zangu umezichoma, mwanangu, lakini zako ninazo. Ninayo ile unayoniuliza moto, nimjibu nini, kwa mwandiko wako mwenyewe, wa mwisho nilio nao. Na jibu langu mtaa mzima ulilisikia, maana sijawahi kunyamaza katika maisha yangu. Mwana wa Consiglia ameyaandika yote kwenye karatasi ya posta. Kinyozi ametia sahihi, mwoka mikate ametia msalaba, Consiglia ametia msalaba mkubwa kuliko wote. Padri ametia sahihi yake mwishoni.

Haitamrudisha Delfina, wala Ernesta. Mama yao kama yuko hai nitamtafuta, nisimame mbele yake, aniambie atakavyo. Vidole vyako pia havitarudi. Lakini hakimu ataketi akijua ni mdomo wa nani uliosema zitavumilia, na kama kuna jela, ina nafasi ya bibi kizee.

Sijawahi kupita Brindisi, mji wa jirani tu. Treni ya Torino ni ya Jumatatu. Nimepasua lozi zote.

Ukisikia mtu mlangoni, usihangaike na kitasa. Nitasukuma mwenyewe.

Mama yako,
Oronza