Ukuta wa Chumba Chetu

Mke wangu Zuwena,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti la Mama limepungua maumivu. Mimi afya ipo. Roho ndiyo haijatulia tangu nisome barua yako.

Kijiji hiki cha Waingereza kina mambo. Nyumba zake ni za karne na karne, mbao zimejipinda, na serikali hairuhusu mtu kubadili hata dirisha. Ukitaka kukarabati ni chokaa tu, saruji marufuku, ndiyo maana mimi, fundi wa nyumba za chokaa za Mkunazini, Unguja, nimepata kazi huku. Asubuhi wanaume hupanda treni kwenda kazini London, kijiji kikabaki kitupu kama soko la Darajani asubuhi ya Idi. Tunabaki wazee, wake wachache, na mimi juu ya ngazi.

Nyumba ninayoipiga lipu, mama mwenye nyumba huniletea chai na keki saa nne. Hunieleza kuwa mumewe hurudi amechoka, hazungumzi. Mimi naitikia tu, wallahi sina nia mbaya. Lakini kazi ya siku tano imeingia wiki ya tatu. Juzi mumewe aliwahi kurudi. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza, "Bado?" Nikamjibu chokaa haitaki haraka.

Siku ya pili yake ikaja barua yako. Unasema jirani yetu Fundi Haroub anapiga lipu chumba chetu, na "maskini ya Mungu, tunampa chakula cha mchana, wiki ya tatu sasa." Zuwena, ukuta ule naujua. Ni kazi ya siku nne, na ya tano ni kufagia.

Naona wivu, nakwambia wazi. Hata wanaume wa hapa nawaonea wivu, maana wao jioni treni huwarudisha. Siku naondoka ulisema, "Nenda, mie nshazoea kungoja." Nikafurahi, mjinga mimi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwambie aache hapo alipofika. Mvua ikiingia, weka beseni. Nimeshaomba ruhusa kwa tajiri wangu, nitakuja kuumaliza mwenyewe kabla ya masika. Na ile nyumba ya chai nimeimaliza jana. Ilinichukua nusu siku.

Nisalimie Mama, kaka yangu mkubwa, na shangazi yako aliyetusimamia harusi.

Fundi usimsalimie.

Mumeo,
Abdalla