Barua Yako Ilisomwa Usipokuwepo

Shemeji Edet,

Nakuita shemeji kwa mazoea. Mahakama ililifuta neno hilo miezi minne iliyopita, kesi ikasikilizwa upande mmoja kwa kuwa upande wa pili haukuonekana. Lakini ulimi umelizoea, na sijapata neno jingine ambalo mhariri wangu atakubali kulichapa.

Nakuandikia gazetini kwa sababu sina anwani yako. Wanafunzi uliowapeleka Tabora kwenye mashindano ya shule walirudi na treni bila wewe. Mwalimu mwenzako alisema ulipokea simu ya maandishi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukasema unakwenda kunywa chai. Tangu hapo mtu mmoja amekuona Lusaka, mwingine Ndola, ukifundisha vijana kuruka. Kwenu Calabar hujafika. Hilo nalijua kwa hakika, na nitakueleza nimelijuaje.

Tulijuana Mnazi Mmoja, Jumapili asubuhi. Mhariri alinituma nikaandike habari fupi juu ya mkutano wa mwaka wa chama chenu: Wanigeria waliowahi kukimbia, kuruka na kutupa kwa ajili ya nchi yao, ambao sasa walikuwa walimu, makarani na wauza dawa hapa Dar es Salaam. Asubuhi mlikimbia mzunguko mmoja wa uwanja, wote, wenye vitambi na wasio navyo. Mchana mlipanda ghorofani kwenye ukumbi wa Mtaa wa Swahili kula na kuzungumza. Mwenyekiti wenu, Mzee Adewale, aliyekuwa akitupa tufe enzi zake, alinikabidhi saa ya mbio akaniambia, "Ndugu mwandishi, wewe huna upande. Utuhesabie."

Wauza machungwa walikuwa wamejipanga pembeni kama wamelipa kiingilio. "Baba, usife! Kesho Jumatatu, kazini wanakungoja!" mmoja alimpigia kelele Effiong, karani wa reli, rafiki yako wa nyumbani, aliyekuwa wa mwisho na anapumua kama injini yake. Wewe ulikuwa umewaacha wote. Ukafika hatua tano kabla ya mstari, ukasimama. Ukamngoja Effiong, ukamshika mkono, mkavuka pamoja. Wauza machungwa walishangilia. Niliandika tukio hilo na likawa ndilo kichwa cha habari.

Nilidhani nimeona tabia yako. Nilichokiona ni tabia yenu wawili: hamwachani, hata mahali ambapo ingewapasa.

Mchana ule ndipo nilipoona desturi yenu ya barua. Mzee Adewale alinieleza chanzo chake. Wakati wa vita ya kwenu barua hazikuwa zikifika, na iliyofika ilikuwa ya wote. Mwenyewe aliisoma kwa lugha yake, kisha akawaeleza wengine kwa Kiingereza. Vita ikaisha, desturi ikabaki. Barua zilipitia sanduku la posta la chama, na zile zilizofika mwezi wa mkutano hazikufunguliwa hadi siku yenyewe. Zilikaa ndani ya mkoba wake wa ngozi. Kila barua ikishasomwa, watu walipiga makofi. Na kama mwenyewe hayupo, mtu anayejua lugha yake alimsomea. Hakuna barua iliyorudi bila kusomwa. "Kuhusu vita yenyewe," alisema, "hiyo tunaiacha chini ngazini."

Yako ilitoka kwa dada yako, ulisema. Nkoyo. Ndiye pekee aliyebaki. Wengine vita ilikuwa imewamaliza. Ulieleza kwamba anaumwa mgongo na anakusalimu. Effiong alikuwa anacheka, nikadhani anacheka kwa furaha.

Ukahamia Gerezani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Ukaanza kuja uani kwetu jioni. Mama alikupenda kwa sababu ulikuwa unaosha sahani yako mwenyewe, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya na alinikumbusha. Zuhura, dada yangu, mpiga chapa wa ofisi ya serikali, alikupenda kwa sababu zake. Ulisilimu, ukapewa jina la Idrisa, jina ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa shehe. Baba yetu alikuwa amekwisha fariki. Mwenye kumwozesha Zuhura nilikuwa mimi, nanyi mkaishi chumba cha uani kwetu.

Mama aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anachambua mchele.

"Watu wake umewauliza?"

"Nimeuliza, mama."

"Umemuuliza nani?"

"Effiong. Wamekua mtaa mmoja. Anasema hana mtu."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Kazi yangu ni kuuliza. Nimewauliza mawaziri maswali ambayo baada yake sikualikwa tena. Nimehesabu magunia bandarini kwa mikono yangu kwa sababu sikuamini karatasi niliyopewa. Lakini kwa mtu anayeniambia watu wake wameuawa vitani, niliona haya kuuliza majina yao na siku walizokufa. Habari ya chanzo kimoja huwa siichapi. Kwa chanzo kimoja nilimtoa dada yangu.

Mtoto alipozaliwa ulisema aitwe Nkoyo, jina la dada yako aliyebaki. Mama alinung'unika, "Jina gani hili, kama mtu anaita kuku," kisha akalifupisha kuwa Koyo na kulipenda kuliko wote. Zuhura alilia siku ile. Alisema ni heshima kubwa kwa familia iliyokwisha.

Tangu mwaka mliooana, mpishi wa mkutano wenu alikuwa Zuhura. Hakuna aliyemwajiri, alijitolea. Mchele ulikuwa wa foleni, kilo mbilimbili, wiki nzima, na majirani walimpa zamu zao kwa sababu ni siku ya shemeji. Sufuria kubwa aliazima kwa watu wa harusi Mtaa wa Livingstone. Kisha alisimama mlangoni mwa ukumbi, sinia chini ya kwapa, akisikiliza barua yako ikisomwa kwa lugha asiyoijua, na ukimaliza kueleza habari za mgongo wa dada yako, alipiga makofi.

Mwaka mmoja mpiga picha wetu alimpiga akiwa hivyo. Tuliichapa. Maelezo ya chini ya picha niliyaandika mimi: "Mke wa mmoja wa wanariadha akifurahia salamu kutoka nyumbani kwa mumewe." Kipande hicho cha gazeti ninacho. Ni sentensi moja, na kila neno lake ni la kweli. Katika kazi yangu yote sijaandika sentensi iliyonitesa kama hiyo.

Sasa nikueleze mkutano wa mwisho, kwa sababu hukuwepo, ulikuwa Tabora na wanafunzi, na najua Effiong amekueleza kwa namna yake.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana. Kelele za mafundi waliokuwa wakijenga soko jipya hazikuwepo siku hiyo, kwa hiyo ukumbini kila kitu kilisikika. Mzee Adewale alitia mkono mkobani, akatoa barua, akasoma jina lako.

Effiong akasimama upesi. "Lete, nitamsomea."

"Wewe kila mwaka unasoma," akasema Mzee Adewale. "Leo tuna mgeni. Sista Arit ni wa kwenu. Mgeni asome."

Arit alikuwa mkunga, mrukaji wa zamani, hajamaliza hata wiki tatu mjini. Alifurahi kupewa heshima. Akaifungua. Effiong akamwambia jambo kwa lugha yenu, haraka, kwa sauti ya chini. Arit akamtazama bila kuelewa, akamjibu, kisha akageukia watu akacheka: "Kaka huyu anasema barua ya mtu isisomwe. Si ndiyo desturi yenu?" Ukumbi ukacheka. Effiong akakaa.

Usimlaumu Arit. Hakuna aliyekuwa amemjulisha kwa Zuhura. Alidhani ni mpishi wa ukumbi.

Akasoma kipande kwa Kiefiki, akakieleza kwa Kiingereza, kipande kwa kipande, kwa sauti nzuri ya mtu aliyezoea kuwatuliza wagonjwa. Mume wangu. Mvua imeng'oa bati za jikoni. Etim yuko darasa la tatu, anaruka mfereji wa mtaani akisema atakuwa kama baba yake. Watu wananiuliza kama nimefiwa au nimeachwa. Nambie niwajibu lipi. Mimi mkeo, Nkoyo.

Koyo alikuwa chini ya meza, anapanga vizibo vya soda. Aliposikia jina lake akainua kichwa.

"Abee!"

Mtu mmoja pembeni, ambaye hakuwa akifuatilia, akaanza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Niliwatazama mmoja mmoja, kama ninavyofanya kazini. Mzee Adewale alikuwa anashangaa kweli. Wengi walikuwa wanashangaa kweli. Effiong alikuwa anaangalia sahani yake, na Zuhura alikuwa amesimama mbele yake na ukoko aliomwekea kwa sababu anaupenda.

Zuhura aliweka sinia mezani. Akaenda kwa Arit, akamwomba kwa Kiingereza chake cha ofisini arudie mwisho. Arit akarudia, polepole safari hii, maana alikuwa ameanza kuelewa. Zuhura akamshukuru. Kisha akaja kwangu.

"Kaka, nisaidie sufuria. Ni za watu."

Pilau iliyobaki aliipakua yote kwenye masinia yao. Hakumwaga hata punje. Aliosha sufuria kwenye bomba la nyuma, tukazibeba hadi Mtaa wa Livingstone, Koyo akiwa mgongoni mwangu. Njiani alisema maneno haya, nami niliyaandika usiku huohuo ili nisiyabadilishe: "Dini inamruhusu wanne. Angesema tu. Ningekubali au ningekataa, lakini jibu lingekuwa langu."

Jumatatu nilikwenda ofisi ya reli. Effiong alinikaribisha kiti.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Ndugu yangu, ingekuwa wewe ungemsema rafiki yako?"

"Nilikuuliza kama ana mtu."

"Hapa," akasema. "Mimi nilielewa unauliza hapa."

Ndivyo alivyonijibu, shemeji. Kisha akanipa chai. Simu ya maandishi uliyoipata Tabora alikuwa ameituma yeye, saa ya kwanza posta ilipofunguliwa.

Mama hajanilaumu. Ameacha tu kuniita msomi.

Zuhura hakuandika kwako. Alimwandikia Nkoyo. Anwani aliipata kwa Arit, ambaye alikuja kwetu akilia na akakaa hadi jioni akimenya ndizi. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, likaletwa mlangoni kwetu. Tangu mwoane, ilikuwa barua ya kwanza kutoka kwenu kufika katika nyumba hii. Nkoyo aliandika kwamba naye hakuambiwa kitu. Mama yako yu hai, alisema, na ndugu zako wawili pia. Vita haikumuua hata mmoja katika nyumba yenu. Aliuliza kama mtoto ni mwembamba kama wewe. Sasa wanaandikiana kila baada ya miezi miwili. Watu walimshauri Zuhura ambadilishe mtoto jina. Alikataa. "Jina halijamkosea mtu," alisema.

Kwa hiyo ndivyo ninavyojua hujafika Calabar. Huko nako wanauliza.

Nimejaribu kutafuta ni nini hasa kinachonikera, maana miezi inakwenda na hakipungui. Si mke wa pili. Hata uongo, nimeshughulika nao maisha yangu yote, najua unavyonuka. Kinachonikera ni makofi. Kila mwaka ulimwacha dada yangu apige makofi, ukamtazama, kisha ukala chakula chake. Uliweza kusimama hatua tano kabla ya ushindi kwa ajili ya Effiong. Kwa Zuhura hukusimama hata hatua moja.

Wiki iliyopita Mzee Adewale alikuja ofisini kwangu, kofia mkononi. Mkutano wa mwaka huu ni Jumapili ijayo. Aliomba niandike habari, kama zamani. Kisha akazungukazunguka, akasema kwamba watu wanaikumbuka pilau.

Nilimwambia habari sitaandika, lakini nina barua. Nakala ya hii unayoisoma iko ndani ya mkoba wake, bahasha imefungwa, jina lako juu. Wewe hutakuwepo, na desturi ni desturi: atakusomea mwingine. Nimeomba asome Effiong. Mzee Adewale alikubali. Kwa njia hiyo najua itakufikia, Lusaka au popote, maana hamwachani.

Nimeweka sharti moja. Isomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, na asiyeelewa asielezwe. Mmekaa hapa miaka ya kutosha kuomba sukari kwa Kiswahili. Sheria yenu inasema barua husomwa kwa lugha ya nyumbani, na hii inatoka nyumbani kwako, uani Gerezani, ambako viatu vyako vya misumari bado viko chini ya kitanda na Koyo anavivaa mikononi kama kwato.

Zuhura atakaa mstari wa mbele, mtoto mapajani. Safari hii hapiki.

Neno shemeji nalirudisha kwako. Natia saini kwa undugu ambao mahakama haikuweza kuufuta,

Mjomba wake Koyo