Mchoro wa Nyapara Kwenye Kiwanda cha Sabuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana mwenzio nimechanganyikiwa hadi mboga naitia chumvi mara mbili. Kile kiwanda cha sabuni cha katikati ya mji kilichofungwa zamani kimegeuzwa jumba la sanaa, vijana wakakwangua chokaa kwenye chumba cha kufungashia, chini yake ukatokea mchoro wa nyapara ana mdomo kama ndoo na masikio ya punda, watu wanamiminika kuutazama mpaka kinyozi na duka la vitambaa wamefungua tena, mtaa uliokufa umefufuka. Sasa mshauri, nyapara huyo ni mume wangu, na aliyemchora ni mimi. Jamani, ningejuaje kama atakuja kunioa! Nilikuwa msichana wa kufunga sabuni, akanifokea mbele za watu, nikaazima kopo la rangi ya buluu kwa shoga yangu aliyekuwa kwenye mizani ya kupimia sabuni, nikamchora wenzangu wakiwa wanakula, na kwa kuwa rangi ile alikuwa nayo shoga yangu tu, akafukuzwa kazi yeye, basi, baadaye nikaolewa. Leo mkuu wa jumba anamtafuta mchoraji amwandike jina na ampe ukuta wote wa nje achore, mkono unaniwasha, lakini baba watoto anaapa, “Nikimpata, atanitambua!” na Jumamosi huyohuyo anapiga pasi shati, anakwenda kupigwa picha na mchoro, sijui amekasirika au amefurahi. Shoga yangu naye anauza chai mlangoni pa kiwanda, kila akiniona, “Karibu chai, mke wa punda!” anacheka, mimi najifanya nina haraka. Nijitokeze au ninyamaze?

Mke wa nyapara

*

Pole, mama, lakini leo nitakusema. Mumeo asikutishe. Mwanamume anayepiga pasi shati akapigwe picha na masikio ya punda hana hasira ya kuvunja nyumba. Mwambie mkiwa wawili, na umwambie alivyokufokea. Atanuna wiki, kisha atatamba mtaani kwamba mkewe ni msanii.

Kilichoniudhi ni kingine. Umenijazia barua kwa mume na mkono unaowasha, halafu mwenzako aliyefukuzwa umemmaliza kwa neno moja, “basi”. Basi nini? Mtu kapoteza kazi kwa ajili yako, ukaolewa na nyapara wa kiwanda kilekile, na hata kukaa na mwenzako huyo huwezi! Aibu hiyo, mama.

Unauliza unyamaze. Umfiche nani? Isome tena barua yako. Kopo lilikuwa la shoga yako, na aliyekuja kuliazima anamjua vizuri sana. Siku ile angetaja jina lako angebaki na kazi yake. Hakulitaja, na mpaka leo hajalitaja.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mume na kabla ya mkuu wa jumba, nenda kwake, umwombe msamaha kwa kinywa chako, bila kusingizia ujana. Jina lako lisiandikwe ukutani mpaka yeye aridhie. Chai amekukaribisha siku nyingi. Kaa, unywe.