Panja la Nkwabi Linadunda

Shangazi Paskazia mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana nina furaha mpaka sijui kama naumwa.

Mimi ni mchezaji wa ngoma ya majembe hapa Buhongwa, na mwezi uliopita nilirusha jembe juu nikageuka kumwangalia mchumba wangu Ng'washi, jembe likarudi mpini ukanigonga kwenye panja, nikavimba, uvimbe ukaisha, halafu ukaota mwingine kama zambarau, na huu Shangazi unadunda, ukiuwekea kidole unakisukuma, du-du-du kama ngoma yetu, sasa mashabiki wanapanga foleni kuugusa, na Ng'washi ndiyo usiseme, akifika tu anauwekea sikio anacheka, "Yaani ukiniona unaenda mbio! Wenzako wanaapa, wewe unaonyesha," nami natembea kama bwana harusi, ila kiongozi wetu Luhende anasema dawa ya ngoma aliyotupaka ndiyo imeniingia, na Ijumaa, mkesha wa mashindano na kundi la Buswelu, anataka kuuchanja chale kwa wembe apake dawa nyingine udunde zaidi, nilipotaja hospitali akasema, "Wakiutoa huo, umetuuza," na mimi naogopa wembe, naogopa kushindwa, lakini zaidi naogopa kwamba uvimbe ukiondoka Ng'washi atajuaje nampenda? Nifanyeje?

Nkwabi, Buhongwa

Marahaba, Nkwabi. Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia, kisha nikafika kwenye wembe, kicheko kikaisha.

Hiyo siyo dawa, mwanangu, ni damu. Kwenye panja unapita mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na uko karibu sana na ngozi. Naona mpini uliujeruhi, damu ikavuja na kujitengenezea kifuko, ndiyo maana moyo ukipiga nacho kinadunda. Hata ungejigonga na mlango wa choo kingedunda vilevile! Luhende akipitisha wembe hapo, damu itaruka, na Jumamosi watu watakusanyika kwa ajili yako, lakini siyo uwanjani.

Na wewe nawe! Mtu mzima unarusha chuma juu huku macho yako kwa mchumba?

Kesho asubuhi nenda hospitali. Mwambie daktari uligongwa na kwamba uvimbe unadunda, usimfiche. Atakupima kwa ultrasound, na mara nyingi ni upasuaji mdogo tu: unachomwa ganzi, mshipa unafungwa, kifuko kinatolewa. Foleni ya kugusa ife leo. Ukipasuka kabla hujafika, bana kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie, wakukimbize hospitali. Jembe usilishike mpaka daktari aruhusu; Jumamosi kaa na mashabiki upige makofi. Luhende akinuna, mwambie Shangazi amekataa, na kama wembe unamwasha mkononi aje anichanje mimi.

Ng'washi akusindikize. Mkisharudi, akitaka tena kusikia unavyompenda, alaze sikio kifuani pako. Ngoma ilikuwa inapigwa huko tangu mwanzo.