Bango Mkononi

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Kantini ya kiwanda cha samaki tena, Nyakato, baada ya zamu. Wanawake wananuka sangara, mimi nanuka chaki. Hakuna aliyewahi kukaa darasani. Herufi hawazijui hata za Kiswahili, na mimi nawafundisha Kiingereza. Ndiyo soko huria. Minofu inakwenda Ulaya, na wanunuzi wanataka kila mfanyakazi asome mabango ya usalama. Wanakuja wiki ijayo. Asiyejua, kazi basi.

Tumezunguka kiwandani. WASH HANDS kwenye masinki, nawa mikono. NO ENTRY kwenye chumba cha dawa za kusafishia, marufuku kuingia. CHANGING ROOM kwenye mlango mwingine, chumba cha kubadilishia nguo. Wote wamesoma bila kukwama. Nimejiona mwalimu kweli.

Jumatano, 4 Septemba
Mama Sabina anaongoza. Mjane, Mkerewe wa Nansio. Penseli anaishika kama kisu, karatasi inachanika. Watoto wake wanakula kwa kazi hii tu. Jumamosi anataka kuvuka ziwa kwenda kupalilia kaburi la mumewe.

Nimemwambia msimamizi, Bwana Rwegasira, kwamba darasa limeiva. Ametabasamu. Si kawaida yake.

Alhamisi, 5 Septemba
Mafundi wanapaka kuta rangi. Mabango yako chini. Hakuna darasa.

Ijumaa, 6 Septemba
Dawa za kusafishia zimehamishiwa chumba kilichokuwa cha kubadilishia nguo. NO ENTRY imepigiliwa mlangoni, nyekundu, kubwa. Mama Sabina akaingia chini yake na mabuti yake mkononi. Ametolewa anakohoa, macho mekundu.

Alipotulia nikamsimamisha mbele ya mlango. Soma. Akasoma vizuri kabisa: "Changing room." Chumba cha kubadilishia nguo. Nikawaita wengine. Hivyo hivyo.

Walikuwa wanasoma mahali. Ukuta, kona, mlango. Herufi hawajawahi kuziangalia, na mimi sikuwahi kuwaonyesha bango nje ya ukuta wake. Nimejichukia.

Jumamosi, 7 Septemba
Rwegasira ameniita. Hakufoka, afadhali angefoka. Amesema wageni wa Ulaya tutawapitisha kwenye mabango ambayo hayakuhama. "Mwalimu, wewe nyamaza tu."

Nimekubali. Nimeona nafuu, na nafuu yenyewe naionea aibu.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimewaeleza mpango. Wote wakashusha pumzi, isipokuwa Mama Sabina. Macho yake bado mekundu. Nansio hakwenda.

"Na wakihamisha tena, Mwalimu, nife?"

Nikakata maboksi vipande, neno moja kila kipande, nikavichanganya mezani. Hakuna ukuta. Penseli ikamshinda, nikamwachia kisu. Akachonga herufi moja moja kwenye boksi, akizipitia kwa kidole gumba. Nimemfokea kila alipokosea. Hakunijali.

Jumanne, 10 Septemba
Anakosea bado. Wenzake wanamcheka, wao wanategemea bango la masinki, halikuhama. Ninaogopa.

Jumatano, 11 Septemba
Wageni wamekuja na makoti meupe. Rwegasira kawasimamisha kwenye masinki, wanawake wakaimba "Wash hands" kama kwaya. Mgeni mmoja hakuridhika. Mafundi walikuwa wamesahau bango sakafuni, kaliokota, kampa Mama Sabina mkononi.

Rwegasira akaangalia viatu vyake.

Aliweka kidole gumba kwenye herufi ya kwanza. Akakaa hapo. Mtu akakohoa. Nilitaka kulisema mimi, nikauma ulimi. Kidole kikasogea, kikarudi, kikasogea tena.

"Danger," akasema. Kisha, kwa Kiswahili, taratibu: "Hatari."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, akaenda kutazama barafu. Basi. Hakuna aliyefukuzwa. Rwegasira kasema darasa limekwisha, kazi yake imekamilika. Nilikwenda chooni nikalia.

Jumapili, 15 Septemba
Mama Sabina amepita nyumbani, ana safari ya Nansio. Ameleta kichwa cha sangara. Hakutaka kukaa.

Ametaka nimwandikie jina la marehemu, Petro. Anasema misalaba ya pale inafanana yote, majina tu ndiyo tofauti, na yeye siku zote ameenda kwa kukumbuka mahali: ingilia mlango mdogo, pita mkonge, kaburi la pili. Lakini mkonge ulikatwa zamani.

"Na kama ulilokuwa ukipalilia silo?" nimemuuliza.

"Nitalitafuta lake."

Nimemwandikia kwenye kipande cha boksi. Amepitisha kidole gumba polepole, herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Kisha amekiweka kifuani, ameaga, ameteremka kuwahi meli.