Soko Letu la Lipa

Mjukuu wangu Neema,

Tunahama kutoka hapa Greyville. Shangazi yako Furaha ametutangazia leo asubuhi kabla ya chai: saluni yake inakwenda Isipingo, kusini mwa Durban, karibu na stendi ya teksi, nasi tunamfuata. Sote tu wazima. Nilipomsomea barua yako alidakia, "Eish, mtoto iko Lipa? Analipa nini?" Nikamweleza kwamba ndilo jina la mji wenu huko Ufilipino.

Unasema mibuni inang'olewa ili maduka yajengwe, na masista unaoishi nao wanataka jibu: utabaki nao au utaondoka? Unaniuliza mtu anajuaje kwamba mji mgeni umekuwa wake.

Nilipokuwa kijana gazeti lilinituma Bukavu, nayo ilikuwa ikikua hivyo hivyo. Sikutulia. Sanduku langu lilikaa limefungwa, na kila juma nilipanga kuondoka. Siku moja mama mmoja akaniuliza njia ya posta. Nikamjibu, "Pinda pale kwenye duka letu." Akacheka: "Duka lenu? Kumbe matajiri nao wanatembea kwa miguu!"

Sikuwa na duka. Pale nilinunua mkate tu. Jioni ile nilifungua sanduku, nikatundika mashati.

Sikuamulii. Ila katika barua yako umeandika "soko letu," na hukulifuta. Mimi hapa Durban bado nasema "mji wao."

Jumamosi tunahama. Kila Jumapili baada ya misa tutakuwa kwenye duka la simu, tukingoja utupigie utuambie umewajibu nini masista.

Babu yako