Maneno Matano kwa Siku

Jumatano, 18 Desemba

Maneno matano tena. Taarifa ya habari ya Kiingereza saa kumi na mbili asubuhi, redio sikioni, daftari gotini. Leo: *stranded, allegedly, ceasefire, deteriorate, alibi*. Mwalimu wetu wa jioni pale Daraja Mbili anasema kila neno la habari ulitungie sentensi ya kweli ya maisha yako, la sivyo litakukimbia kwenye chumba cha mtihani. Nimetunga nne. Ya *alibi*, yaani ushahidi kwamba ulikuwa mahali pengine, nimeiacha wazi.

Mtihani wa Kiingereza ni tarehe nne Januari. Mara ya kwanza nilianguka kwenye kusoma na msamiati. Nikianguka tena, ile nafasi ya uuguzi Uingereza anapewa mwingine.

Jumapili, 22 Desemba

Mtaa wetu wa Njiro unahama. Wachaga wote wanakwenda kwao, magari yamejaa mchele, soda na watoto. Mama Happy, mwenye nyumba wangu, ameondoka leo kwenda Machame. Ameniachia funguo, mbwa wake Tomi, na gunia la magazeti ya zamani ya Kiingereza. Alinishangaa. Mchaga kubaki mjini Krismasi! Nikamwambia niko zamu.

Mama naye nimemwambia hivyohivyo kwa simu. Zamu wodini, watoto wagonjwa ni wengi. Uongo mtupu. Niko likizo tangu Ijumaa. Tangu baba afariki, mama kila akipiga anauliza nitakuja lini. Ningemwambiaje kwamba ninasomea kuondoka miaka mitatu? Mwoga mimi.

Jumatano, 25 Desemba

Kimya. Hata muuza maziwa hakuja. Nimekula wali na maharage huku nikisoma habari za mafuriko ya nchi sijui ipi. *Displaced*, waliopoteza makazi. *Evacuate*, kuwahamisha watu hatarini. Nimeyatamka kwa sauti, Tomi akainuka akaenda zake.

Kwetu Marangu saa hizi mbuzi ameshakatwa. Kila mtoto ana kipande chake. Changu ni mbavu, tangu nikiwa mdogo. Nisipokuwepo zinawekwa, hakuna wa kuzigusa.

Nina upweke mbaya. Basi.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimeumbuka.

Kaka Elibariki ametoka Marangu mpaka wodini kwetu na mbavu zangu kwenye hotpoti. Mama ndiye aliyemtuma, ati mtoto wake hawezi kula chakula cha hospitali sikukuu. Muuguzi wa zamu akamwambia mbona yuko likizo. Kaka akanipigia. "Uko wapi?" Nyumbani. "Na nani?" Peke yangu. Hakuamini. Amegeuza, amerudi Marangu na nyama yake.

Jumapili, 29 Desemba

Mama hapokei simu yangu. Nimepigia ya kaka, akasema, "Mama yuko shambani," akakata. Shamba gani Jumapili? Mama yangu ni mzee wa kanisa.

Maneno hayaingii. Ukurasa mmoja nimeusoma mara nne. Najichukia. Jioni nimefungua ile sentensi niliyoiacha wazi, nikaijaza: *My alibi was a ward full of sick children.* Ushahidi wangu ulikuwa wodi iliyojaa watoto wagonjwa. Ni ya kweli. Nimefunga daftari upesi.

Alhamisi, 2 Januari

Siku mbili kabla ya mtihani, na daftari nimeliacha mezani. Asubuhi nimekata jani la isale kwenye uzio wa Mama Happy, nikapanda basi. Kwetu ukiletewa isale la kuomba msamaha hulikatai, hata ungekuwa na hasira ya mwaka mzima.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Shikamoo. Hakuitikia. Nikapiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili, nikasema yote. Mtihani. Uingereza. Miaka mitatu. Akalipokea lile jani, akaliweka mapajani. "Marahaba."

Akaenda jikoni, akarudi na mbavu. Wiki nzima zilikuwa zinakauka juu ya moshi, ngumu kama ubao. Nimezila zote, yeye ananitazama. Nilipomaliza akasema, "Kafaulu. Mwakani hizi nitawapa watoto wa Elibariki."

Nimelia njia nzima ya kurudi.

Jumamosi, 4 Januari

Mtihani umepita. Kifungu cha kusoma kilikuwa cha mafuriko, maneno karibu yote niliyajua. Majibu bado.

Mama Happy amerudi, watoto wanapiga kelele uani. Tomi ameshanisahau. Nimempigia mama kumweleza. Hakuuliza maswali yalikuwaje, ameuliza kama nimekula. Nikamwambia ukweli, sijala. Akasema pika basi, nakusubiri. Nimemenya vitunguu simu ikiwa mezani, na hakukata mpaka chakula kilipoiva.